Stendi Mbili na Mlango wa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Mama mkwe anakuja Jumamosi. Amefanyiwa upasuaji wa goti, atakaa kwetu mpaka apone, kwenye chumba cha nyuma kinachotazama ua. Chumba hakina mlango. Kina pazia, na pazia lenyewe limeshachoka. Mke wangu amenunua mbao, bawaba na kitasa, akanikabidhi asubuhi kama mtu anayekabidhi mtoto. Akasema mama yake ni mtu mzima, hawezi kubadilisha nguo huku watu wanapita kwenda bombani. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mlango usipokuwepo ifikapo Ijumaa atamwita fundi wa ng'ambo ya barabara.

Huyo fundi mimi namwita Msumari. Hasemi sana, ila akisema anachoma. Msumari aje nyumbani kwangu kutundika mlango, mbele ya mama mkwe ambaye tangu siku ya posa anauliza kama mimi ni fundi kweli? Bora nihame.

Nimeanza kazi mara moja. Yaani, nimeanza kuifikiria. Mbao haikatwi sakafuni. Wala juu ya makopo ya rangi, hilo nilishajaribu. Fundi anayejiheshimu ana stendi mbili zenye miguu minne kila moja. Mbao inalala juu, msumeno unapita bila kugusa chochote. Msumari anazo za kwake, alizorithi kwa baba yake, nzito, zimejaa makovu. Hazitikisiki hata kidogo. Lakini kuzihamisha ni kazi ya wanaume wawili.

Mchana nikaenda duka la vifaa vya ujenzi. Za plastiki: nimekalia moja, ikaguna. Za chuma: zinakunjika, zina mpini, zinapendeza mno. Nimezibeba mabegani nikazunguka nazo kati ya rafu, nikajiona kwenye kioo cha bafu wanachouza. Kwa kweli nimependeza. Muuzaji akaniomba ama ninunue ama niziweke chini. Nikamwambia chuma kinaharibu meno ya msumeno. Ukweli ni kwamba sikuwa na kitu mfukoni.

Nimerudi polepole, nikiwaza. Imara kama za Msumari, nyepesi kama za dukani. Nitazitengeneza mwenyewe. Jioni yote nimekaa uani nikiziona zimesimama pale ambapo hapakuwa na kitu.

Jumanne, tarehe 5

Nimeazima mbao za mlango. Mbili tu. Nitazirudisha.

Kikwazo: ili ukate mbao za kutengenezea stendi, unahitaji stendi. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, chai mkononi. Hatimaye nimetumia meza ya jikoni. Msumeno umekula pembe ya meza. Nimetandika kitambaa. Mke wangu aliporudi akakisifu kitambaa, akasema leo nimekumbuka nyumba. Sikutaka kumharibia furaha.

Kufikia jioni zilikuwa zimesimama. Jua lilikuwa linaingia uani kwa ubavu na unga wa mbao unaelea ndani yake. Nikaona kila kitu. Karakana yangu. Kibao chenye jina langu. Wateja kwenye foleni, na Msumari mwisho kabisa wa foleni, kofia mkononi. Niliposhtuka chakula kilikuwa kimepoa na kila mtu alishakula.

Jumatano, tarehe 6

Jaribio la kubebeka. Stendi nzuri ni ile inayofika kazini na fundi wake akiwa bado ana nguvu. Nimeziweka mabegani, moja huku moja kule, nikatoka. Njia niliyochagua ilipita mbele ya kibanda cha Msumari. Sikufanya makusudi, barabara ndiyo iko pale.

Ee, nilivyosalimiwa! Watu waliokuwa hawanioni wamenipa pole na kazi. Mama wa duka la vitambaa akauliza kama nina nafasi ya kumtengenezea rafu, nikamjibu nimebanwa sana. Msumari aliinua macho kutoka kwenye randa yake, akauliza naenda wapi. Nikamwambia kazini. Niliporudi akauliza kama nimemaliza. Nilipopita tena akanipa maji ya kunywa, bila kusema neno. Hapo ndipo aliponichoma.

Lakini mabega! Usiku huu siwezi hata kuvua shati. Ni nzito, na miguu imetanuka, nimegonga geti la watu. Haziwezi kubaki hivi. Lazima zikunjike.

Kukunjika kunataka bawaba. Mlango una bawaba tatu. Mlango wenyewe haujazaliwa, hautazihitaji leo. Ya nne nimeitoa kwenye kabati la jikoni.

Alhamisi, tarehe 7

Mlango wa kabati umemwangukia mke wangu mguuni. Hakuumia sana. Aliuliza bawaba iko wapi, nikasema siku hizi vitu havidumu.

Sasa zinakunjika. Zinakunjika hata zisipotakiwa. Nimeongeza ubao wa kuzuia miguu isikimbiane, yaani mbao nyingine ya mlango, na kipini cha kufunga. Nimepanda juu nikaruka. Kimya. Nimezikunja, nimezibeba kwa mkono mmoja, nikazunguka nazo ua nikipiga mluzi. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii maishani mwangu, na nasema hivyo bila aibu.

Mke wangu akauliza habari za mlango. Nikamwambia msingi umekamilika. Akanitazama kama anavyotazama maziwa yaliyoko motoni.

Mchana nimelaza juu yake mbao zilizobaki nikajinyoosha, kupima uimara. Mawingu yalikuwa yanapita taratibu. Moja lilifanana na mlango, nikaona dalili njema. Nikasinzia. Nikaota mama mkwe anaingia chumbani, anafunga mlango, anaufungua, anaufunga tena, kila mara ananipigia makofi. Nilipoamka mke wangu alikuwa amesimama kando, mkoba bado begani, anazitazama mbao chache zilizobaki chini yangu. Alifunga kanga vizuri akavuka barabara.

Ijumaa, tarehe 8

Msumari amekuja na futi kamba.

Nilikaa uani nikijifanya napiga msasa. Akapima fremu. Akahesabu mbao, akanitazama, akahesabu tena. Akamwambia mke wangu hizi hazitoshi hata nusu, ataleta za kwake Jumapili, kabla ya hapo hawezi. Kisha akaja kwenye stendi zangu. Akachuchumaa, akachungulia kwa chini, akapitisha kidole gumba kwenye maungio, akasukuma kwa kiganja. Akasema zimetulia. Basi, hilo tu.

Nimefurahi mpaka nikasahau kuwa nimeshindwa. Mke wangu hakusahau. Amelala amenigeuzia mgongo, ameuambia ukuta kwamba mama yake hajawahi kumwomba kitu kingine, ni mlango tu. Hapo niliona aibu. Bado ninayo, ingawa usingizi umeanza kunichukua.

Jumamosi, tarehe 9

Mama mkwe amefika na fimbo, begi moja na macho yale yale. Akatazama pazia. Akauliza fundi wa nyumba hii amesafiri lini. Nikamkaribisha, nikampokea begi, nikaangalia viatu vyangu.

Balaa lilikuwa kitanda. Ni cha chini mno. Kukaa alikaa, kuinuka ndiyo ikawa shida. Goti halikunjiki. Tukamwinua mimi na mke wangu, machozi yakamtoka mama wa watu, akageuza uso asionekane. Mke wangu naye akageuza wake.

Tulipompeleka uani apumue, akajishikiza kwenye stendi yangu, akaikalia. Akatulia. Halafu akasimama mwenyewe, bila fimbo, bila mtu. Akakaa tena. Akasimama tena. Akauliza nani ametengeneza kitu hiki. Mke wangu akachelewa kidogo kujibu, kisha akasema, mkwe wako. Mama akaniita baba, akaniambia nimtandikie hapo hapo juu.

Nimeingiza stendi zote mbili chumbani, nimezifunga kwa vipini na kamba, nikapanga juu mbao za mlango zilizobaki na zile za kitanda cha zamani, godoro likalala juu. Nilianza kulala mimi, nikajigeuza huku na kule. Hata mlio hakuna. Jioni hii amelala, mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza mke wangu amenipakulia nyama bila kuombwa.

Jumapili, tarehe 10

Msumari amefika asubuhi akauliza stendi zangu ziko wapi, ili akatie mbao juu yake. Nikamwonyesha. Mama mkwe alikuwa juu yake, anakunywa chai. Msumari akakuna kichwa. Akasema basi tukachukue za kwake, nimshikie upande wa pili.

Nimebeba stendi za Msumari kuvuka barabara! Mbele ya duka la vitambaa! Zilikuwa na uzito wa ng'ombe. Mama wa duka akauliza kama sasa nafanya kazi kwa Msumari. Msumari akajibu kwamba bado ananijaribu.

Amerudi kwake kufuata msumeno. Mbao zake ziko hapa uani, zimeegemea ukuta. Nyoofu, kavu, hazina hata jicho moja la tawi. Nimezigusa tu. Na nimewaza: zile za chumbani zimeshakuwa kitanda, maana yake mimi fundi sina stendi. Safari hii nitazifanya nyembamba zaidi, zenye mpini wa ngozi. Zinatosha mbao mbili. Nitaziazima, hatajua.

Nilikuwa nimeshaiinua ya kwanza niliposikia kikohozi. Mama mkwe ameketi kitandani, ananitazama. Kwa kile kitanda cha chini asingeona kitu zaidi ya kizingiti. Kwa urefu niliompa mimi, bila mlango na pazia likiwa pembeni, anaona ua mzima.

Nimemtabasamia. Nimeirudisha mbao polepole ukutani.

Baada ya chakula huwa anasinzia.