Fundi Majiko na Doa la Picha ya Mia Moja Arobaini na Saba

Sogeeni karibu, enyi wenye masikio yasiyochoka na kazi zinazoweza kungoja. Wekeni chini vikombe, punguzeni redio, maana nataka kuwapa habari za vita vikuu vilivyopiganwa Jumamosi moja, tangu saa nne ya asubuhi hata saa kumi ya alasiri, ndani ya sebule yenye kochi moja na viti vitatu. Vita hivyo havikumwaga damu, vilimwaga chai, tena kidogo, na shujaa wake alivipigana kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Ewe kumbukumbu, nishike mkono. Nawe ulimi, usiongeze chumvi kupita ile iliyokuwemo.

Shujaa huyo watu walimwita Fundi Majiko. Alikuwa mtengenezaji wa majiko ya gesi na matanuri ya mikate, mshika koleo, mjua miali, mzibaji wa mivujo, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja ya kazi hakuwahi kuungua isipokuwa mara saba. Na kwa kuwa alilijua joto la tanuri, aliamini kwamba amelijua joto lote lililoumbwa. Basi ilipoanzishwa katika simu jumuiya ya wapenda safari za anga, ikaitwa Walinzi wa Anga, ikawa na watu arobaini na watatu, yeye bila kupigiwa kura akawa ndiye msemaji wa kila kitu cha moto. Hasimu wake humo alikuwa wakala wa bima, bwana mwenye miwani mikubwa, ambaye kwa ajili ya miwani hiyo tu aliitwa Profesa. Wawili hao walikuwa wamebishana juu ya mafuta ya roketi, juu ya umbali wa mwezi, na mara moja, kwa siku mbili mfululizo, juu ya kama angani kuna juu na chini. Katika ujumbe elfu kumi na nne uliokwisha kuandikwa katika jumuiya ile, hakuna hata mmoja uliokuwa wa mtu kukiri kosa.

Jumamosi hiyo watu wanne walikuwa angani, siku ya sita ya safari yao, wakijiandaa kurudi. Nanyi mjue kwamba chombo kinachorudi duniani huja kwa kasi inayoufanya upepo uwake kama tanuri, na kinachowalinda waliomo ni ngao ya joto iliyo tumboni mwake, iliyojengwa kwa vigae vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. Ngao ikiwa nzima, watu hurudi wakala chakula nyumbani. Ikiwa na ufa, simalizii. Ndiyo maana wahandisi waliamuru chombo kinyooshe mkono wake mrefu wenye kamera na kujipiga picha tumboni, kigae baada ya kigae, picha kadhaa kwa kila mahali, nao wakazitandaza picha hizo mia mbili na kumi na mbili mbele ya ulimwengu ili kila mwenye macho aone.

Walinzi wa Anga waligawana picha hizo kama askari wanavyogawana ukuta wa ngome. Fundi Majiko akapewa zile za kuanzia mia moja arobaini na moja hadi mia moja na hamsini. Akaketi kwenye kochi, simu mkononi, kikombe gotini. Mwenye kiwanda cha mikate alimpigia mara mbili kuhusu tanuri lililozima, naye akamjibu kwamba yuko katika jambo la binadamu wote.

Ilipotimu saa nne na nusu, katika picha ya mia moja arobaini na saba, akaona doa. Lilikuwa jeusi, jembamba, refu kama ukucha, limekatiza vigae vitatu. Fundi Majiko akasimama. Kikombe kikaanguka, nacho kikawa mhanga wa kwanza. Hakuangalia picha iliyofuata, wala hakumuuliza mtu. Akaandika kwa herufi kubwa maneno ambayo historia imeyahifadhi: UFA KATIKA NGAO. NIMEUONA KWA MACHO YANGU. MIAKA 31 KATIKA JOTO. WATAKANUSHA. MSIWAAMINI.

Ujumbe ule ukatoka kama mshale. Kinyozi wa mtaani akausambaza kwa wateja wake, muuza vipuri akausambaza kwa kwaya, na Profesa, ambaye siku zote hungoja dakika mbili kabla ya kupinga, safari hii alingoja tatu, kisha akauliza kipimo cha doa ni milimita ngapi. Fundi Majiko akamjibu kwamba watu wanapokaribia kuungua hakuna anayeshika rula. Akapata vidole gumba ishirini na sita vya kumsifu. Ikawa ndiyo saa ya utukufu wake.

Lakini katika watu wale arobaini na watatu alikuwemo mmoja ambaye shujaa alikuwa amemsahau, naye ni mama yake mzazi, aliyekuwa chumba cha pili.

Mama huyo alikuwa na miaka sabini na tisa. Alikuwa amefanya kazi ya kupokea simu katika hospitali kubwa kwa miaka mingi, na alijiunga na Walinzi wa Anga kwa sababu mwanawe yumo. Hakuandika kitu kamwe, ila alisoma kila kitu. Aliposoma habari za ufa, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena, kisha akaurudisha mkate wake sahanini. Mkewe Fundi, ambaye ni mshonaji, alipompelekea dawa ya presha inayotaka kumezwa na chakula, alimkuta amekaa wima kitandani, mikono mapajani. Mama alimwambia kwa upole kwamba hawezi kula wakati watoto wanne wa watu wanakwenda kuungua na wazazi wao wako mahali fulani wanangoja.

Ikafika saa saba. Wahandisi wakatokea kwenye televisheni, wakatangaza kwamba picha zote zimekaguliwa na ngao ni nzima. Mshonaji akashukuru, akaongeza sauti ili mama asikie. Mama akasikia, akainuka, akaja mpaka sebuleni, akaizima televisheni. Alikumbusha kwamba mwanawe aliandika mapema kwamba watakanusha, nao sasa wamekanusha. Akarudi kitandani. Chakula cha mchana nacho kikarudi jikoni kama kilivyokwenda.

Hapo mshonaji, bibi wa sindano, mkata vitambaa asiyekosea mshono, akaketi kando ya mumewe na kuomba aone huo ufa. Akaitazama picha ya mia moja arobaini na saba. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna shujaa aliyekuwa amelifanya tangu asubuhi: akaifungua ya mia moja arobaini na nane. Halafu ya mia moja arobaini na tisa.

"Baba watoto," akasema, "vigae ni vilevile, lakini doa limesogea. Hapa liko katikati, hapa liko pembeni, na hapa limeshatoka. Ufa haungetembea. Mimi nikitafuta doa kwenye kitambaa cheupe, mara nyingi ninachokiona kwanza ni kivuli cha mkono wangu mwenyewe. Na hicho ni kivuli cha huo mkono wenye kamera."

Fundi Majiko akatazama. Akatazama tena, akiiinamisha simu kulia na kushoto kama mtu anayetaka kivuli kimwonee huruma. Jasho likamtoka mahali ambapo matanuri hayakuwahi kulitoa. Akajua kwamba ni kweli, na alipojua, kitu cha kwanza kilichomjia si furaha kwamba watu wanne watapona. Ni sura ya Profesa.

Akaenda kwanza chumbani kwa mama, kwa kuwa njia hiyo ilikuwa fupi. Akamweleza kwa mdomo tu kwamba mambo si mabaya kama yalivyoonekana, kwamba kuna maelezo mapya, ale tu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "pale hospitalini niliwahi kupokea simu kwamba mgonjwa fulani amekufa, nikaandika kitabuni. Baadaye daktari akapita mlangoni akaniambia yu hai. Nikamwambia, kama yu hai, njoo uandike. Kuna mama alikuwa nje anangoja nimsomee kitabu, sio nimwambie nilichosikia mlangoni. Wewe umeandika wataungua. Kama hawaungui, andika."

Akageukia ukuta. Vidonge vyake vilikuwa vimelala kwenye kisosi tangu asubuhi.

Basi shujaa akarudi kwenye kochi, na vita vyenyewe vikaanza. Kwanza alijaribu kuufuta ujumbe wake, lakini muda wa kufuta ulikuwa umepita, nao ulikwisha kuenea mpaka kwenye kwaya. Akaanza kuandika. Jeshi lake la kwanza lilikuwa la maneno mia mbili, lililoanza na "Kwa kuzingatia mazingira ya mwanga katika anga za juu" na kuendelea kuandamana bila kufika popote. Mkewe akalisoma, akamuuliza kama mama atamaliza kulisoma kabla dawa haijapitwa na muda. Akalifuta. La pili liliilaumu kamera. Mkewe akalisoma, akarudi kupindisha pindo la gauni, na pindo hilo likaliangamiza jeshi lote.

Saa nane na nusu akaandika neno moja: Imekosewa.

"Imekosewa na nani?" akauliza mshonaji.

Fundi Majiko akafuta. Akatembea mpaka dirishani, akarudi. Akaandika: Tulikosea.

"Mlikuwa wangapi?"

Enyi wasikilizaji, kuna milima ambayo watu huipanda kwa kamba na mashoka, na kuna bahari ambazo huvukwa kwa miezi. Lakini ule mwendo wa kutoka kwenye "tu" kwenda kwenye "ni", herufi mbili tu kwa herufi mbili, ulimchukua Fundi Majiko dakika hamsini. Kidole kilipanda na kushuka. Aliyafikiria yale maswali juu ya milimita. Aliifikiria miaka thelathini na mmoja, akaona namna itakavyokaa mdomoni mwa kinyozi. Kisha kutoka chumba cha pili akamsikia mama yake akikohoa na kujigeuza kitandani.

Akaandika: Nilikosea. Si ufa, ni kivuli cha mkono wa kamera. Tazameni picha ya 148. Ngao ni nzima. Naomba radhi.

Akabonyeza. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

Watu arobaini na watatu walikuwa wakitazama neno ambalo hawakuwa wamewahi kuliona mahali pale, na inasemekana kinyozi alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja. Wa kwanza kusogea alikuwa Profesa. Akauchukua ujumbe ule na kuutundika juu kabisa ya jumuiya, ili kila anayeingia aukute, na Fundi Majiko akauelewa upanga huo, akainamisha shingo kuupokea. Lakini Profesa, naye akiwa ameshikwa na kitu ambacho hakukitarajia, baada ya dakika tatu akaandika chini yake: Hata mimi niliona ufa. Niliogopa tu kusema.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Mama akatoka na miwani yake na simu yake, akaketi mezani, akamsomea mwanawe ule ujumbe kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyokuwa akisoma kitabu cha hospitali, kisha akamuuliza kama ndivyo alivyoandika. Fundi akajibu kwamba ndivyo. Mama akatikisa kichwa kukubali. Akaomba mayai mawili na mkate, akameza dawa, na mwanawe akasimama nyuma ya kiti chake akimtazama akitafuna, na hakuna aliyemwona alivyopitisha mgongo wa mkono machoni, ila mimi ninayesimulia.

Haya ndiyo matendo ya Fundi Majiko, mshika koleo, mtu wa kwanza katika ujumbe elfu kumi na nne kuandika neno "nilikosea" na kubaki hai. Wale wanne walitua siku nne baadaye, wazima, na hawakuwahi kusikia habari zake. Ujumbe wake ulipata vidole gumba vitatu. Lakini jioni ile ile ya Jumamosi mama, ambaye hakuwa ameandika kitu tangu ajiunge, aliandika kwa mara ya kwanza: Nimekula. Akapata arobaini na viwili, na cha Profesa kilikuwa cha kwanza.