Magome ya Mishipa

Arnold alikuwa na pikipiki moja na ulimi mmoja, na vyote viwili vilikwenda kasi. Siku hiyo, kwenye banda la nyama choma Kijenge, alimwona mzee mnene ameinamia ubavu wa mbuzi kama mfiwa.

"Daktari kanikataza mafuta!" mzee alimlalamikia mchoma nyama, sauti ikifika barabarani. "Eti mishipa imeziba. Ng'ombe ninao, hamu ninayo, mishipa ndiyo sina!"

Neno "ng'ombe" lilimwingia Arnold vizuri kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ero, kijana wangu."

"Mungu kanileta. Nina magome ya babu yangu wa Machame. Unachemsha, unakunywa, kisha unakula mafuta mpaka uchoke. Mishipa inabaki safi kama bomba la dukani."

Babu wa Machame, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani. Magome yenyewe yalibanduliwa kwenye kuni za mama mwenye nyumba wake, mtaani Levolosi.

Mzee Sakaya, ndilo jina lake, alimshika mkono. "Ukiniponya, nakupa dume la ng'ombe. Jumamosi njoo kwangu Olmotonyi. Ila kwetu dawa hainywewi kavu. Mwenye dawa huchinja kondoo wa mkia mnene, huitia kwenye supu, na huonja wa kwanza."

Kondoo kwa dume! Arnold nusura acheke mbele ya mzee wa watu.

Jumamosi, kondoo wa kununua alikuwa wa Nasieku, mke wa Sakaya, na Arnold mfukoni hana kitu.

"Acha pikipiki, mwanangu," alisema Nasieku. "Utaikomboa ukishauza dume lako."

Pikipiki ile ndiyo ilikuwa ugali wake, kodi yake na heshima yake mjini. Lakini tamaa haina breki. Akatoa funguo.

Kondoo akachinjwa, Sakaya na wazee wenzake wakatafuna mkia. Arnold akapewa bakuli la magome yake, akanywa, akatabasamu, akaongezewa. Tumbo likanguruma. Akatimua mbio migombani, suruali mkononi.

Aliporudi, uso umempauka, aliwakuta wazee wanakunywa chungu kingine.

"Mbona hamnywi yangu?"

"Supu ya mafuta tunaitia magome ya kiloriti tangu enzi za mababu," alisema Nasieku. "Tunabandua mtini wenyewe. Nani anunue Kijenge?"

"Na dume langu?"

"Nilisema ukiniponya," Sakaya alijibu, akilamba vidole. "Nimepona?"

"Basi nirudishieni pikipiki!"

"Nirudishie kondoo," alisema Nasieku.

"Mama, sijaonja hata kipande!"

"Pole, baba. Ungewahi."

Arnold alitaka kulia, na alilia kidogo. "Kwa hiyo daktari ulimsingizia?"

"Hapana," alisema Sakaya, "alinikataza kweli. Ndiyo maana sichinji tena wa kwangu."

Akiteremka kwa miguu, Arnold alichungulia nyuma ya zizi. Pikipiki yake iliegeshwa kando ya nyingine mbili, zimejaa vumbi na kinyesi cha kuku.

Jumatatu, Sakaya alikuwa Kijenge, ameinamia ubavu. "Mishipa ndiyo sina!" alilia. Kijana mmoja nadhifu, mwenye chupa ya mafuta ya mlonge, akainuka kwenye benchi la pili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ero. Umekuja na usafiri?"