Kiyoyozi na Kisanduku cha Njano

Walimwita Kiyoyozi kwa sababu alikuwa na kipaji cha kupoza watu. Ukimjia umewaka kwa hasira, na mara nyingi hasira yenyewe ilikuwa juu yake, utakaa naye kidogo tu, kisha utaondoka umetulia, unatabasamu, na huna saa mkononi. Hakuwahi kumpiga mtu wala kuvunja mlango. Wanaovunja milango aliwadharau kama fundi cherehani anavyomdharau mtu anayeunga nguo kwa gundi.

Asubuhi ile hakuwa kazini. Alikuwa mgonjwa halali mwenye jipu shingoni, ameketi katika zahanati moja ya binafsi akisubiri kutumbuliwa. Nesi alimtumbua, akamdunga sindano, kisha akainama na kuitupa ile sindano kwenye kopo la rangi chini ya sinki. Kopo lilikuwa limejaa pomoni na sindano nyingine zilikuwa zikichungulia nje. Juu ya rafu, mahali ambapo kila anayeingia lazima apaone, kulikuwa na kisanduku cha njano chenye alama ya hatari, kile cha kutupia sindano zilizotumika.

Kabla hajauliza, mlango wa ofisi ulifunguka akatoka mwenye zahanati. Huyu hakuwa daktari. Alikuwa muuza mabati mpaka siku alipogundua kwamba bati mtu hununua mara moja, lakini homa humrudia kila mwaka. Mkononi alikuwa na saa ya dhahabu, kidoleni pete ya dhahabu, shingoni mkufu wa dhahabu.

"Nani ametumia glavu jozi mbili leo?" aliuliza.

"Mimi, bosi," alijibu nesi. "Wagonjwa walikuwa wawili."

"Zioshe uzianike. Kwani zimetoboka?"

Dada wa mapokezi alisogea akamnong'oneza bosi kwamba wakaguzi wa afya wameifunga zahanati ya mtaa wa pili, na mwenyewe amelia mbele za watu. Bosi akakitazama kisanduku cha njano, akameza mate. Kiyoyozi aliyaona yote matatu: dhahabu, ubahili na woga. Jipu likaacha kumuuma papo hapo.

Baada ya siku chache alirudi. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, miwani isiyo na nguvu yoyote, na uso wa mtu aliyeona mengi. Kidonda cha jipu shingoni alikificha kwa kola, nesi asije akamtambua. Wala hakuja kichwa kitupu. Alikuwa ameshinda kwenye korido ya hospitali kubwa akikariri mabango yote ya ukutani. Uongo mzuri, alipenda kusema, ni ukweli mwingi wenye kitundu kimoja cha kupitia.

"Mimi ni mkufunzi wa usalama wa damu na taka za hospitali," alimwambia bosi. "Wakaguzi wakija wakakuta wafanyakazi hawajafunzwa, wanafunga. Wakikuta wamefunzwa, na cheti kiko ukutani, wanakunywa maji wanaondoka."

Bosi alikunja uso. "Na hayo mafunzo ni kiasi gani?"

"Bure."

Uso ukakunjuka. Waliosema cha bure ni ghali hawakuwahi kukutana na bosi yule. Yeye aliamini cha bure ni haki yake ya kuzaliwa.

Akamtembeza mgeni zahanati nzima. Walipofika kwenye rafu, alikishusha kisanduku cha njano na kukitikisa kwa fahari. Ndani kukalia kwacha-kwacha. "Sikiliza mwenyewe, daktari. Kimejaa sindano. Sisi ni watu wa sheria. Lile kopo ni la muda tu."

Nesi alitazama dirishani.

Mafunzo yalifanyika chumba cha sindano, wanafunzi wakiwa bosi, nesi na dada wa mapokezi. Tumpe mtu haki yake: Kiyoyozi alifundisha vizuri kuliko wengi wanaolipwa. Aliwaambia damu ya mgonjwa haina adabu, haiulizi wewe ni nani. Aliwaambia tone dogo linatosha kukuachia homa ya ini au kitu kibaya zaidi. Sindano haivishwi tena kifuniko chake. Glavu haifuliwi. Ukichomwa, nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue kidole, toa taarifa palepale, na ijulikane sindano ilimdunga nani. Kisha akakiinua kisanduku cha njano kwa mikono miwili.

"Na hiki," alisema kwa sauti ya mazishi, "kina mlango wa kuingilia tu. Kinachoingia humu hakitoki. Anayetia mkono humu ndani, tumwombee."

Dada wa mapokezi alishika kifua. Nesi alikuwa akimeza kila neno, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya wa kulia.

"Sasa tunanawa. Lakini hakuna anayenawa akiwa na pete wala saa. Vijidudu vinajificha chini yake. Vueni vyote, viwekeni kwenye hili bakuli, nitavitia dawa."

Na hilo, kwa bahati mbaya ya wasikilizaji, ni kweli tupu. Bosi akavua saa, pete, mkufu. Dada wa mapokezi akavua bangili. Nesi alisita, kisha akafungua bruchi ya dhahabu iliyobana kola yake, pini ya kizamani yenye umbo la jani.

"Ya marehemu bibi yangu," alisema. "Naomba uiangalie, daktari."

"Kama mboni ya jicho langu, dada. Haya, nawieni huku mmefumba macho, ili mzoee hata umeme ukikatika. Msifumbue mpaka niseme."

Wakanawa wamefumba, watu wazima watatu na mapovu yao, na dhahabu yote ikapita kwenye kitundu cha kisanduku cha njano kimya kimya. Kwenye bakuli akatia pamba, akafunika kwa kitambaa, akanyunyiza spiriti ili inuke vya kutosha.

"Fumbueni. Msiguse kitambaa mpaka harufu iishe. Mimi napeleka hiki tanuruni kikachomwe, maana kimejaa."

Nani amzuie mtu aliyebeba kisanduku cha sindano? Koridoni wagonjwa walijibana ukutani. Mlinzi alimfungulia geti kwa mguu, asije akakigusa.

Aliingia katika jumba lisilomaliziwa, uchochoroni nyuma ya zahanati, akakipindua kisanduku. Hakikutoka kitu. Akakitikisa. Kwacha-kwacha, na hapo hapo kilango cha ndani kikakiziba kitundu nusu, kama kilivyotengenezwa. Kisu hakuwa nacho. Kubeba silaha ilikuwa kinyume cha maadili yake. Akachungulia, akaona ukingo wa mkufu unamkonyeza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kiyoyozi akainama, akaingiza vidole viwili.

Kitu kikamchoma.

Alikitoa kidole akakitazama. Tone la damu lilikuwa limekaa juu yake, dogo, jekundu, zuri. Na hapo somo lake lote likamrudia, neno kwa neno, kwa sauti yake mwenyewe. Homa ya ini. Kitu kibaya zaidi. Tumwombee. Akakaa juu ya tofali. Nyumbani alikuwa na mke mwenye mimba ya kwanza, anayeamini mumewe ni wakala wa vifaa vya afya, na usiku uliopita tu alikuwa amemwekea mkono juu ya tumbo aone mtoto anavyopiga teke. Aliogopa. Aliogopa kweli kweli, bila mzaha, kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi yake.

Dhahabu ilikuwa mapajani pake, ndani ya kisanduku. Njia ilikuwa wazi. Lakini lazima ijulikane sindano ilimdunga nani, alikuwa amewafundisha mwenyewe, na mtu pekee aliyejua sindano za pale zilimdunga nani alikuwa nesi.

Nesi alikuwa keshainua kitambaa, bosi akiwa bado ofisini akingoja harufu iishe. Alikutana na Kiyoyozi kwenye bomba la ua wa nyuma, pamba imemjaa mkononi na matusi yamemjaa mdomoni. Kabla hajayatoa, jamaa alimwinulia kidole.

"Dada nesi, nimechomwa."

Nesi akatazama kidole, akatazama kisanduku. Akafungua bomba. "Nawa kwanza. Utaongopa baadaye."

Hakuongopa. Alinawa huku akikiri yote: koti, miwani, cheti, dhahabu. Alimtaja mkewe, akamtaja mtoto ambaye hajazaliwa, akalia machozi ambayo safari hii hakuyaazima popote. "Niambie tu, dada yangu. Zilikuwa sindano za nani?"

Nesi akavaa glavu nene, akachukua mkasi, akakata kona ya kisanduku na kuchungulia ndani. Alichungulia muda mrefu. Mabega yakaanza kumtikisika, akajiuma mdomo, akageukia ukuta.

"Ni mbaya?" aliuliza Kiyoyozi.

"Usiniulize," alisema nesi. Alipogeuka alikuwa na uso wa jiwe. "Nitakusaidia. Lakini kwanza utanisaidia wewe. Mwaka jana lile kopo la rangi lilinichoma mimi, kidole hiki hapa. Bosi alinipa plasta. Nilikaa majuma na majuma bila usingizi nikingoja majibu, nikawa siwezi hata kumbeba mwanangu. Mungu alinirehemu. Wewe una mdomo. Ingia mle ndani, umfanye aagize visanduku vya kweli, glavu, na chanjo ya homa ya ini kwa sisi sote. Leo."

"Na kidole changu?"

"Fanya haraka basi."

Kiyoyozi alikuwa hajawahi kuongea vile. Hakupamba, hakuzunguka. Alisimama mbele ya meza ya bosi, akamwonyesha kidole.

"Bosi, nimechomwa hapa kwako."

Bosi hakuuliza na sindano ipi. Mwenye kopo la rangi chini ya sinki haulizi. Alipauka tu, akasema, "Tuyamalize kiungwana, daktari. Plasta..."

"Plasta kaitie kwenye chai! Nina mke, bosi. Nina mtoto njiani. Nikitoka hapa bila kukuona umepiga simu, naenda kwa wakaguzi kwa miguu yangu, na kidole hiki kinatangulia."

Simu ikapigwa. Duka la dawa na vifaa halikuwa mbali. Pikipiki ilifika na maboksi, bosi akalipa huku akiguna kama mtu anayeng'olewa jino. Alirudishiwa dhahabu yake kwenye bakuli, pamoja na bangili ya dada wa mapokezi, ikinukia spiriti, na hata leo anaamini ilitiwa dawa.

"Sasa mimi," alisema Kiyoyozi, walipobaki wawili chumba cha sindano.

Nesi akakiinamisha kile kisanduku cha zamani juu ya meza na kukikung'uta. Vikamwagika vifuniko vya soda, rundo zima. Sindano haikuwamo hata moja.

"Alivijaza bosi mwenyewe," alisema nesi, "ili vilie wakaguzi wakija. Sindano hakijawahi kuiona hata moja."

"Sasa... nimechomwa na nini?"

Nesi akafungua kiganja. Bruchi ya bibi ilikuwa wazi, pini yake imesimama, na kwenye ncha kulikuwa na alama ndogo ya damu iliyokauka.

Kiyoyozi aliitazama ile pini mpaka maana ikamwingia. Akacheka, akalia kidogo, akacheka tena. Aliyepoza mji mzima kwa maneno alikuwa amepozwa na nesi mmoja kwa kunyamaza.

"Basi nikuage, dada," alisema akishika kitasa. "Nimekoma. Naenda kwa mke wangu."

"Unaenda wapi? Pini yenyewe ni ya chuma, ina kutu tangu enzi za bibi, na pepopunda si mzaha." Nesi alikuwa ameshavuta dawa, analigonga bomba la sindano kwa ukucha. "Shusha suruali."

Akaishusha. Sindano ikaingia mahali palipostahili, kwa nguvu iliyozidi kidogo ile inayohitajika kitabibu, kisha nesi akanyoosha mkono na kuiachia ndani ya kisanduku kipya cha njano. Ililia kwa! chini kabisa, peke yake, sindano ya kwanza ya kweli.