Nyumba Inayosikia Baridi

Pi. Pi. Pi. Kabla hakujapambazuka, mita ya LUKU ililia gizani katika nyumba ya pili ya Bi Oktavia, pale Njombe. Danford, mlinzi, akampigia simu mwenye nyumba, anayeishi Makambako, kwamba yuniti zinaisha. Hajamaliza kuvaa soksi, namba za tokeni zimeingia kwenye simu. Hakuulizwa hata umeme umekwenda wapi.

Mlinzi mwingine angerudi kulala. Danford alikaa kitandani akawaza.

"Kamwene, mama," alisema wiki iliyofuata. "Ukuta umeanza kupata nyufa. Baridi ya huku unaijua. Nyumba isiyolaliwa lazima ipashwe joto, taa kubwa usiku kucha."

"Ipashe, mwanangu. Hiyo ndiyo nyumba ya uzee wangu."

Ikapashwa. Na sebuleni, chini ya balbu nne, juu ya maranda, wakapashwa pia vifaranga mia moja vya kuku wa nyama, mali ya Danford, ambaye sasa alijiita mfugaji. Bi Oktavia, anayemgombeza mpangaji wake kwa kuchaji simu, alituma tokeni wiki sita bila kunung'unika. Ndipo akagundua kwamba nyumba tupu ya Njombe inakula umeme kuliko mashine yake ya kusaga Makambako.

Hakupiga simu kugomba; aliwauliza majirani wa Njombe. Jumamosi, saa mbili kabla mnunuzi wa kuku aliyeitwa na Danford hajafika, alishuka kwenye pikapu yenye matenga matupu, akiwa na mjukuu wake Anneth na mjumbe wa mtaa.

"Shikamoo, mama. Ungesema unakuja, ningefagia."

"Marahaba. Danford, humu ndani kuna kitu chako? Sema mbele ya mjumbe, nisije nikakudhulumu."

Nyuma ya mlango mabawa yakapigapiga. Danford akakohoa kuyafunika. Akisema kuku ni wake, basi na umeme ni wake, wa wiki sita, na polisi si mbali.

"Hakuna, mama. Kila kilichomo ni chako."

"Andika hivyo, mjumbe."

Mlango ukafunguliwa. Bi Oktavia hakushtuka hata kidogo.

"Kumbe baridi ya Njombe inazaa," alisema. "Haya, mwanangu, nisaidie kupakia."

Danford akapakia, mmoja mmoja, polepole mno, akiwanong'oneza. Anneth alimfuata nyuma akisikiliza, kisha akageuka.

"Bibi, anko anawajua kuku kwa majina."