Chupa Niliyoiandika "Wamekufa"

Jumatatu, 4 Machi
Kumi na Saba ametoa ute! Bakteria wangu niliyemchota bwawani mwenyewe, magoti ndani ya matope. Matone mawili kwenye glasi ya maji machafu: tope likashikana, likawa mabonge, likazama. Dakika sita, bila shabu wala dawa ya kiwandani. Ijumaa profesa atachagua bakteria mmoja wa kusafishia maji ya tangi la mji, na mwenye bakteria huyo ndiye atakayeajiriwa. Tunaogombea ni wawili. Mwenzangu, ninayemwita Mpole, kaniuliza bakteria wangu hawajambo. Kwa nini aulize?

Jumanne, 5 Machi
Mpole nimemkuta mbele ya friji ya maabara. Eti anatafuta sahani zake za kuoteshea bakteria. Zake ziko rafu ya juu. Macho yalikuwa rafu ya kati. Yangu! Chupa imesogea upana wa kidole. Nimepima.

Jumatano, 6 Machi
Dawa yake ninayo. Chupa ya Kumi na Saba nimeiandika WAMEKUFA. Chupa ya Tisa, bakteria wangu wengine waliokufa kweli, nimeiandika KUMI NA SABA, BORA KABISA. Aibe sasa! Nimecheka peke yangu chooni mpaka Bi Glavu, fundi wa maabara, akagonga mlango: mwanangu, kulikoni humo?

Alhamisi, 7 Machi
Kumbe Bi Glavu huchemsha kwa mvuke kila chupa iliyoandikwa WAMEKUFA. Kila Alhamisi asubuhi. Miaka kumi na mmoja! Nimemuuliza nani kamtuma. Akaninyooshea lebo: mwandiko wa nani huu, mwanangu, wangu?

Nimekaa juu ya ndoo, nikalia. Mpole akaja. Dada, usilie, akasema. Jumanne aliona sina akiba, akachovya kidogo kwenye chupa yangu, akanioteshea kwenye sahani. Kanipa. Jina langu juu yake, kwa herufi nadhifu.

Kwa hiyo aliigusa. Nilijua!

Ijumaa, 8 Machi
Nililisha Kumi na Saba usiku kucha. Leo mbele ya profesa maji yametakata kwa dakika saba. Kachaguliwa! Jumatatu namkabidhi profesa mbegu hai ya bakteria, na kazi ni yangu. Bila mbegu, nafasi inakwenda kwa Mpole.

Mpole kapiga makofi kuliko wote. Makofi mengi mno. Mtu mwenye akili timamu hashangilii hivyo kushindwa kwake. Ana lake jambo.

Basi nimehama na kila kitu. Maabarani sikuacha hata tone. Mbegu yote iko nyumbani, kwenye kikopo kimoja kilichofungwa kwa gundi, nyuma kabisa ya friji. Juu yake nimeandika KIMEOZA. Nani atakigusa?

Mama kapita na kitambaa begani. Kasema kesho alfajiri anasafisha friji, kama nina kitu changu humo niseme. Nimemwambia sina. Siku hizi simwamini mtu.