Injinia wa Mvua ya Darini

Tii. Kimya. Kisha tii tena, ndani ya beseni.

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Gwakisa, mgeni wa chumba namba nne katika gesti ya Mzee Liberatus pale Mlandege, Iringa, alikuwa amejilaza na koti lake, soksi zake na mawazo yake, akisikiliza dari likidondosha maji. Tangi la juu lilikuwa na ufa. Mzee Liberatus, mtu asiyeona haraka ya kutengeneza kitu kinacholowanisha wengine, alikuwa ameweka beseni na kuhesabu kuwa kazi imekwisha.

Alipoingia na mshumaa kuomba radhi, aliomba kwa sentensi moja na kulalamika kwa kumi. Si tangi lililomsumbua. Wakaguzi wa moto walikuwa wamepita wiki ile, wakapanda ngazi zake, wakachungulia vyumba vyake vya ghorofani, wakamwachia barua: aweke mfumo unaomwaga maji wenyewe moto unapotokea, la sivyo ghorofa ifungwe. Mzee alikwenda kuulizia bei kwa mafundi wa kweli, akarudi amenyong'onyea kama mtu aliyeulizia bei ya figo.

Gwakisa alitazama tone jingine likianguka. Wapo wanaoona maji ya darini wakaona uharibifu. Yeye aliona ajira.

"Mzee," alisema kwa upole wa daktari, "sikutaka kujitangaza, lakini hiyo ndiyo kazi yangu. Maji yashuke yenyewe kutoka darini, bila kuitwa. Wewe nusu ya mfumo tayari unao."

Kazi yake mpaka dakika ile ilikuwa nyingine. Mwezi uliopita, huko Mbeya, alikuwa mtaalamu wa dawa ya viazi, dawa ambayo ilikuwa maji ya majivu yenye lebo nzuri. Kabla ya hapo alikuwa wakala wa ajira za Ulaya. Ndiyo maana mkewe, Verediana, alikuwa amemchukua binti yao Eveline, wa miaka sita, akahamia kwa mama yake Uyole. Hakuondoka kwa kelele. Alikunja nguo moja moja, akasema, "Baba Eveline, nimechoka kula maneno. Siku utakayonionyesha kitu cha kushika kwa mkono, nitarudi."

Gwakisa alikuwa amewadanganya watu wengi na kulala usingizi mnono. Sentensi hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi. Alitaka nyumba yake irudi. Alitaka kumsikia mtoto akikohoa chumba cha pili, na mkewe amtume yeye kuangalia kama blanketi limemtoka. Bahati mbaya, njia pekee aliyoijua ya kupata kitu cha kweli ilikuwa kuuza cha uongo.

Vifaa alivifuata kule Mbeya, sokoni Mwanjelwa: nozeli thelathini za shaba, zile za bomba la kupulizia dawa shambani, na pakiti mbili za shanga nyekundu ambazo mabinti wadogo husukiwa kwenye nywele. Pakiti moja ilikuwa ya kazi, nyingine ya Eveline. Kila nozeli akaitia shanga moja mdomoni, akaigandisha darini kwa silikoni, na kufika Ijumaa ghorofa ya Mzee Liberatus ilipendeza kuliko hospitali ya mkoa.

"Hii nyekundu ni kioo," alieleza, mikono nyuma. "Ndani yake mna dawa. Joto likizidi, kioo kinapasuka, maji yanashuka. Hakilali, hakiombi likizo, hakina msiba wa shangazi."

Na yote aliyosema yalikuwa kweli tupu kuhusu vichwa vya mabomba vya namna hiyo, popote pale duniani isipokuwa kwenye dari lile.

Mzee akauliza mabomba yako wapi. Akajibiwa kwamba yako juu ya dari, na kwa kuwa juu ya dari waliishi popo tangu enzi za baba yake, hakuna aliyekwenda kuyatafuta. Mzee akatoa kiberiti, akataka kujaribu kimoja.

"Jaribu tu," Gwakisa alisema. "Ila kimoja kikiamka, vyote vinaamka. Sijui una magodoro mangapi huku juu."

Mzee alirudisha kiberiti mfukoni. Hata kwenye mifumo ya kweli huo ni uzushi, maana hufunguka kile tu kilichopatwa na joto. Lakini uzushi unaookoa magodoro huaminika haraka.

Tena aliamini kupita kiasi. Baridi ya Juni ilikuwa imeshika Iringa, na desturi ya gesti ile ilikuwa kuwapelekea wageni jiko la mkaa koridoni ili wapashe mikono kabla ya kulala. Mzee akapiga marufuku majiko yote ghorofani. Wageni wakawa wanatetemeka kwa usalama mkubwa.

Aliyeumizwa zaidi ni Devotha wa mapokezi, ambaye ndiye aliyepokea malalamiko. Alimfuata Gwakisa na kikombe cha chai na kopo la sukari, akampa kikombe, akasimama.

"Injinia, mfumo wako ni mzuri?"

"Ni mzuri mno, dada."

"Mbona tangu uufunge umehamia chumba cha chini, cha karibu na mlango?"

Gwakisa alisema ni magoti. Devotha akatazama magoti yale kwa huruma, akaondoka na sukari.

Ikafika siku ya malipo. Mzee Liberatus hakuwa na fedha. Watu wenye mali huwa hawana. Alikuwa na shamba la miti ya paini nje ya Mafinga, ekari tano, mwaka wa tisa, bado kidogo ivunwe. Upande ule mtu hapimwi kwa anachovaa bali kwa miti aliyopanda: miti husomesha, huozesha mabinti, huezeka nyumba. Gwakisa hakusikia ekari wala mbao. Aliona kiganja cha Verediana kikiwa juu ya gome la mti. Kitu cha kushika kwa mkono, na kisichohamishika. Akakubali kabla mzee hajamaliza kueleza.

Walikwenda asubuhi ya Julai yenye ukungu wa kukatwa kwa kisu. Bodaboda aliyeitwa Masumbuko aliwapakia wote wawili kutoka Mafinga, akawashusha kando ya barabara. Safu za mbele zilisimama wima, mashina manene, majani mabichi. Nyuma yake ardhi ilishuka bondeni, na ukungu ulikuwa umeifunika yote.

Gwakisa hakuwa mtoto. Alikunja suruali aingie kukagua.

"Ingia tu, injinia, nakusubiri," alisema Mzee Liberatus, akitazama simu yake. "Ila tusichelewe. Wakaguzi wanakuja kesho saa tatu. Nimewaahidi utawaeleza mfumo mwenyewe."

Mguu wa Gwakisa, uliokuwa tayari kwenye nyasi, ulirudi barabarani.

"Mzee, kukagua shamba mti kwa mti ni mambo ya watu wasioaminiana."

"Ndivyo nilivyowaza na mimi," alisema mzee.

Hati iliandikwa juu ya kiti cha pikipiki. Masumbuko, aliyeombwa awe shahidi, aliitazama miti, akamtazama Gwakisa, akauliza kama ni mwenyeji wa Mafinga. Alipoambiwa ni mtu wa Mbeya, akasaini haraka, akaanza kukung'uta kofia yake ambayo haikuwa na vumbi. Gwakisa alipanda basi la Mbeya siku ileile, na njia nzima alimwonea huruma yule mzee.

Siku mbili baadaye Devotha alimtumia ujumbe. Mkaguzi alinyoosha mkono, kichwa kimoja cha darini kikambandukia kiganjani, shanga ikadondoka. Ghorofa imefungwa, wageni wote wako chini na majiko yao yamerudi. Mzee hajakasirika hata kidogo, anakusalimia sana. Gwakisa alisoma mstari wa mwisho mara tatu, akaona wazee wa Kihehe ni watu wenye subira.

Mwezi wa nane, ukungu ukiwa umekwisha na jua likiwaka, alimleta Verediana na Eveline. Verediana alishuka, akausogelea mti wa kwanza, akauwekea kiganja. Utomvu ukamnata vidoleni. Akaunusa.

"Ni wetu kweli, Baba Eveline?"

"Wetu. Mpaka kule chini bondeni."

"Hukumuuzia mtu maneno?"

"Nilifanya kazi ya mikono, Mama Eveline. Nilipanda ngazi, nikafunga vitu darini."

Hilo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, lilikuwa kweli. Verediana aliegemea mti kwa bega lote, kama mtu anayeegemea ukuta wa kwake, akaanza kusema kwamba mabegi yake kwa mama hayajafunguliwa yote, kwamba yanaweza kuletwa hata Jumamosi. Gwakisa akageuka kumwita Eveline aje asikie.

Mtoto alikuwa amepenya kati ya safu za mbele na kushuka bondeni. Sasa alirudi taratibu, viatu mkononi, miguu myeusi tii mpaka magotini, akasimama mbele ya wazazi wake.

"Baba, huku nyuma miti yote imeungua."