Kikombe cha Milimita Sitini

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Ofisi ya Posta.

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Vikombe vya Foili.

Ndugu Meneja,

YAH: VIKOMBE VYAKO KUIVURUGA FAMILIA YANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kiti unachokalia kinakutosha vizuri, maana nitakayokueleza yote yanahusu kutosha na kutotosha.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona kwa miaka thelathini na nane, na wateja wananiita Fundi Milimita, jina ambalo sikujipa mwenyewe. Mtu akiingia mlangoni kwangu, huwa nimeshamjua kiuno kabla hajamaliza kunisalimu. Sijisifu. Nakueleza tu ili ujue kwamba anayekulalamikia si mtu wa kukisia.

Mke wangu alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu mwaka jana. Mtu aliyezoea kupikia watoto mia nne hawezi kutulia na sufuria ya watu wawili, kwa hiyo akaanza kutengeneza nta ya manukato. Huenda huifahamu. Nta inayeyushwa, inatiwa rangi na mafuta ya kunukia, inamiminwa kwenye vikombe vyako vya foili, inaachwa igande. Mnunuzi kwake ana kijungu cha udongo: chini anawasha mshumaa mfupi, juu kuna kisahani cha kuweka nta. Nta ikipata moto, nyumba nzima inanukia. Sisi tunaviita vikeki vya nta, jina ambalo, kama utakavyoona kwenye lalamiko la tano, halikutusaidia.

Katika kazi hiyo yote mke wangu alinipa jukumu moja tu. Aliniambia, "Wewe ndiye mtu wa vipimo. Nitafutie vikombe." Nililipokea jukumu hilo kama mtu anavyopokea cheo. Nikachukua futi yangu, nikapima kisahani cha kijungu kwa ndani, nikapata milimita sitini na mbili. Nikatoa milimita moja kila upande ili kikombe kipumue, kwa sababu hata koti halikai mwilini bila nafasi. Jibu likawa sitini. Nilidhani ni kwenda dukani na kurudi. Hiyo ilikuwa wiki tano zilizopita.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Paketi zako zimeandikwa Ndogo, Kati na Kubwa, basi. Hakuna namba hata moja. Ndugu Meneja, kati ya nini na nini? Mteja akija kwangu akasema nimshonee suruali ya kati, nitamwambia asimame wima nimpime, kwa sababu ukati wake na ukati wa jirani yake ni vitu viwili. Nilimuuliza mwenye duka, mama mmoja mpole sana, Kati ina milimita ngapi. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akasema, "Ya kati, mzee wangu." Nikashukuru nikatoka, kwa sababu kosa si lake.

2. Vikombe Ndogo vina milimita arobaini na tano. Kikombe hicho kinamfaa fundi mwenye kidole kinene akakitumia kama kastabini ya kukinga sindano. Nta inayoingia humo inakwisha harufu kabla mgeni hajavua viatu.

3. Vikombe Kati vina milimita sabini. Kimoja kilipowekwa juu ya kijungu kilikaa kama kofia ya kuazima, hakigusi chini, kinaning'inia kwenye ukingo. Nilikaa nacho mchana mzima, mimi na shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, aliyekuja kuwa shahidi. Mshumaa ukawaka mpaka ukaisha, nta imekaa vilevile. Shemeji akaaga akisema amekumbuka kwamba ameacha nguo kwenye kamba. Nilijua hajaacha nguo yoyote.

Nikaamua kukipunguza kikombe kitaalamu. Nilikikunja mikunjo minne, kama tunavyobana kiuno cha gauni, nikapata sitini kamili. Nilifurahi kwa muda mfupi. Kumbe foili ikikunjwa inapasuka pale pale penye mkunjo. Nta ya moto yenye harufu ya maua ya mrujuani ilivuja mezani, ikateremka, ikaingia ndani ya cherehani na juu ya suruali ya tarishi wa posta, ambayo ilikuwa inasubiri zipu. Niliifua mara tatu. Tangu siku hiyo nyuki wanamfuata mtumishi huyo wa umma mtaa hadi mtaa, na watu wanasifu jinsi barua zinavyofika mapema siku hizi. Barua hii pia ataileta yeye. Ukimwona anakimbia, usimwulize maswali, mfungulie mlango.

4. Nilinunua paketi ya pili ya Kati, nikitumaini kwamba ile ya kwanza ilikuwa na hitilafu. Ina milimita sitini na nane. Kwa hiyo Kati yako moja ni kubwa kuliko Kati yako nyingine. Nilivipanga mezani vyote, thelathini na sita, nikavipima kimoja kimoja na kuandika kwenye daftari. Mke wangu aliingia, akaona, akatoka, akafunga mlango taratibu. Tumeoana miaka thelathini na tatu na najua ufungaji wake wa mlango ulivyo. Ule haukuwa wa kawaida.

5. Hili ndilo zito. Binti yetu ni nesi, na ana mchumba. Jumapili moja wazazi wa mchumba walikuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Baba wa mchumba ni karani wa mahakama mstaafu, mtu wa tai na adabu, anayesubiri uongee mpaka mwisho ndipo ajibu. Mke wangu alikuwa ameoka keki ndogo kwenye vikombe vyako Kubwa. Mimi siku hiyo asubuhi nilikuwa nimejaribu nta kwenye vikombe vyako hivyohivyo Kubwa, ya njano, yenye harufu ya vanila. Nilijua kabisa havitatosha kijungu, lakini mtu wa vipimo hukamilisha jedwali lake. Nikaviweka vipoe penye nafasi, na nafasi pekee iliyokuwapo ilikuwa kando ya keki, kwenye sahani ileile.

Sahani ilipopita, mgeni wetu alichukua cha njano. Nilimwona anauma. Nilimwona anasita. Halafu, Ndugu Meneja, akaendelea. Yule bwana alitafuna kikeki kizima cha nta mbele yetu, polepole, bila kubadilisha uso, akateremsha na chai. Sisi tulishindwa hata kumzuia, kwa sababu kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aseme. Alipomaliza alifuta midomo akasema, "Ina harufu nzuri sana." Mke wake akamwomba mke wangu amwandikie namna ya kuoka.

Walipoondoka, binti yetu alikaa kwenye kochi na viatu vyake vya kazi, akaniambia, "Baba, umemlisha baba mkwe wangu mshumaa."

Nikamwuliza kama ana hatari. Akasema hapana, itapita yenyewe, lakini uchumba wake hajui kama utapita. Tangu siku hiyo ni siku tisa, na upande wa pili hawajaleta neno. Binti yangu akitoka zamu anapita ukumbini bila kuniangalia. Nakuuliza kwa heshima: kama kiwanda chako kingekuwa na kikombe cha nta peke yake, kisichofanana na cha keki, mzee wa watu angetafuna nini?

6. Kutokana na hayo yote nilichukua hatua ambayo mtu yeyote makini angeichukua. Nilipiga marufuku umiminaji wa nta nyumbani mpaka kipimo sahihi kipatikane. Mke wangu alinikumbusha kwamba msusi wa mtaa wa pili ameshaahidiwa vikeki arobaini kwa ajili ya saluni yake. Nikamwambia msusi atasubiri, kazi mbovu haitoki kwenye nyumba yangu. Nikafungia upawa wa nta ndani ya kabati la vitambaa.

Siku iliyofuata niliporudi kutoka kununua nyuzi, jiko lilikuwa tupu. Sufuria mbili, chupa za mafuta ya manukato, aproni, vyote vimehamia kwa shemeji. Mke wangu anarudi jioni kulala, anapika, ananiuliza habari za kutwa, ananijibu kwa upole kama anavyomjibu mtu wa kusoma mita. Nyumba iliyokuwa inanukia mrujuani sasa inanukia mafuta ya cherehani. Sikujua kwamba mtu anaweza kuikosa harufu kiasi hicho. Juzi nilishona kola kichwa chini, mimi, mbele ya mteja.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, naomba yafuatayo, na sidhani ni makubwa.

Kwanza, utengeneze kikombe cha milimita sitini, upana wa juu, kwa ndani, na ukiandike kwenye paketi kwa namba.

Pili, kama mashine zako haziwezi, basi uwaandikie wafinyanzi wa vijungu kila mahali wapanue visahani vyao vifike milimita sabini na mbili. Wao wanatumia udongo, udongo hauna ubishi.

Tatu, kwa kuwa wafinyanzi wakipanua visahani mishumaa iliyopo itaonekana midogo, uwasiliane pia na watengenezaji wa mishumaa. Wao watataka viberiti virefu zaidi. Sioni ubaya, ilimradi tuanze wote siku moja.

Nne, uniteue mimi kuwa mkaguzi wa vipimo wa kiwanda chako. Nitakuja na futi yangu mwenyewe.

Tano, umwandikie barua ya kuomba radhi karani wa mahakama mstaafu, kwa lugha ya kisheria anayoizoea, ukikiri kwamba nta ile ilikuwa yako kwa umbo ingawa ilikuwa yangu kwa maudhui. Nakala umpe binti yangu.

Sita, mke wangu arudi jikoni kwake. Najua hili haliko moja kwa moja chini ya mamlaka yako. Nimeliweka hapa kwa sababu sikuona pengine pa kuliandika.

Nifikishie salamu zangu kwa mlinzi wa getini, kwa mpishi wa kantini yenu, kwa wanaopanga vikombe kwenye paketi (waambie sina ugomvi nao, nimevihesabu na idadi iko sawa), na kwa familia yako, wakubwa kwa wadogo, wa saizi zote.

Ni mimi mteja wako anayesubiri jibu akiwa amesimama,

Fundi Milimita

Nyongeza: Nilikuwa nimeshabandika stempu mke wangu alipoingia kuchukua upawa wake. Alikuwa na habari. Karani wa mahakama amempigia simu mwenyewe. Wanakuja tena Jumamosi na mchumba, na anaomba tumwekee vile vya njano sita, vya kuwasha sebuleni kwake, maana amepata ladha yake na sasa angependa kujua harufu yake ikoje ikitumika inavyopaswa. Akaongeza kwamba katika miaka yote ya mahakamani hajawahi kuona familia ikikaa kimya kwa umoja namna ile, na kwamba binti wa nyumba kama hiyo anamtaka awe mkwe wake. Binti yetu ameshaambiwa. Amecheka kwenye simu mpaka wagonjwa wakamsikia.

Ndipo mke wangu akaona bahasha, akaomba asome. Akaanza kusoma akiwa amesimama, na kwenye lalamiko la tatu akakaa. Akaniuliza, "Kwani ulikuwa unaweka na kikombe chake juu ya kijungu?"

Nikamwambia ndiyo, sasa kingekaa wapi.

Akasema, "Baba watoto, kikombe ni cha kugandishia tu. Ukitaka kuwasha unaminya kwa chini, nta inatoka, kikombe unatupa. Mimi nilidhani unatafuta vya kupendeza kwenye boksi la msusi."

Nikamjibu kwamba hata hivyo upana wa nta yenyewe bado ni suala. Nta ya milimita sabini haiwezi kuingia kwenye kisahani cha sitini na mbili.

Akaniuliza taratibu, kama anavyouliza watoto wa shule waliomwaga uji, "Unaikata vipande viwili. Na ikishapata moto, inafanya nini?"

Nikasema inayeyuka.

"Ikishayeyuka ina upana gani?"

Niliivua futi shingoni, Ndugu Meneja, nikaikunja. Yeye akachukua upawa wake. Halafu akaenda jikoni, nikasikia anatia maji ya kuyeyushia nta kwenye sufuria, na sufuria hiyo ilikuwa ya hapa nyumbani.

Barua naituma kwa kuwa stempu imeshakaa vizuri, ila uyapuuze malalamiko yote sita na maombi yote sita. Badala yake naomba paketi kumi, msusi anasubiri. Ukubwa wowote. Utaona kwamba maneno hayo mawili ya mwisho hayakunyooka kwenye mstari. Mkono ulikuwa unayaandika kwa mara ya kwanza.